Mafuta ya Alizeti kwenye Injini ya Baba

Ndugu zangu waliposikia kwamba nimeamua kuifufua pikapu ya baba, waliniuliza kama nimepima malaria. Dada yangu alinipigia simu makusudi kunisomea bei za magari madogo yanayokuja na meli, yenye redio na kiyoyozi, akasema kwa hela ninayotaka kuitupa kwenye chuma chakavu ningeendesha kitu cha maana. Nilimjibu kwamba sitaki kitu cha maana, nataka pikapu ya baba. Akanikatia simu. Nilifurahi, maana na mimi nilikuwa karibu kukata.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona Singida Mjini zaidi ya miaka thelathini: sare za shule, mashati ya kwaya, magauni ya maharusi ambao siku ya kupimwa wanakuwa wembamba na siku ya harusi wamenenepa. Sikuwahi kuwa na gari na sikuwa na haja nalo. Lakini pikapu ya baba niliipenda kabla sijajua kusoma. Ilikuwa ya kijani, pua ndefu, taa mbili za mviringo, usukani mwembamba mpana kama sinia, na kiti kimoja kirefu cha mbele kilichotutosha baba, mama na mimi katikati. Kijijini kwetu Ulemo, siku hizo, ndilo lilikuwa gari pekee. Ilibeba vitunguu, alizeti, mabati, wagonjwa, na maharusi wa kanisani na wa msikitini sawasawa.

Nilikuwa na sababu mbili za kuifufua. Ya kwanza, mapenzi, nilimwambia kila aliyeuliza. Ya pili sikuwa nimemwambia mtu yeyote, na ilianzia nilipokuwa na miaka kumi na mitatu. Nilihofia kwamba mimi ndiye niliyeliua gari lile, na kwamba baba amebeba aibu yangu maisha yake yote.

Mambo yalianza hivi. Gari liliharibika geaboksi, na kifaa kikawa kinasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Wakati huohuo kaka yake baba akaugua huko Itigi, baba akalazimika kwenda kumuuguza. Fundi wa siku zile alimwambia asiiache injini ikae kavu: kila wiki plagi zifunguliwe, kila tundu litiwe oili kidogo, halafu injini izungushwe kwa hendeli mara mbili tatu ili pistoni zisishikwe na kutu. Baba hakuwapa kazi hiyo kaka zangu. Alinipa mimi, akasema nina mikono isiyopoteza vitu. Aliniachia spana ya plagi na kopo la oili, na oili wakati ule ilikuwa ya kutafutwa kwa kibali, si ya kununua dukani. Nilitembea wiki nzima kijijini nikijiona mkubwa.

Wiki ya pili nilijikwaa kwenye kopo nikiwa nafukuza kuku. Oili yote ikamwagika mchangani, na mchanga wa Ulemo haurudishi kitu. Nilisimama pale nikiona fimbo ya baba waziwazi, ingawa baba mwenyewe alikuwa Itigi. Halafu nikaingia jikoni. Mama alikuwa na dumu la mafuta ya alizeti, yaliyokamuliwa nyumbani kwa mashine ya mkono, hayajachujwa, mazito, yenye rangi ya udongo. Niliyajaza kwenye kopo. Nikaona yanang'aa mno, nikakwangua masizi chini ya sufuria nikachanganya. Nilipomaliza, nakuapia, hata fundi mwenyewe asingeweza kutofautisha.

Basi kila wiki niliitia injini mafuta ya alizeti. Na kwa kuwa ya nyumbani yalikuwa mengi, sikutia kidogo kama nilivyoambiwa. Nilitia kwa ukarimu. Hendeli ilizunguka vizuri miezi ya mwanzo, kisha ikaanza kuwa nzito, kisha siku moja ikagoma kabisa. Nilijiambia ni baridi. Nilirudisha plagi, nikaendelea kufuta vumbi kwenye boneti kila wiki kana kwamba kazi ni hiyo.

Baba alirudi baada ya mwaka na zaidi, baada ya kumzika kaka yake. Kifaa kikapatikana, geaboksi ikafungwa, na injini ikakataa kuzunguka. Walifunga jozi mbili za ng'ombe wa kulimia mbele ya gari, wakaweka gia, wakavuta. Ng'ombe walivuta, gari likaenda, lakini matairi hayakuzunguka. Yaliburuzwa mpaka nje ya boma yakiacha mifereji miwili mchangani. Fundi alizunguka injini akiigonga hapa na pale, hakufungua kitu, akatoa hukumu: safari ya mwisho kabla ya kusimamishwa injini ilichemka, pistoni ziliungua, zimeshika.

Na kweli safari ya mwisho ilichemka. Baba alikuwa anapanda Mlima Sekenke na mzigo wa vitunguu, pembeni yake amekaa rafiki yake wa Misigiri. Rafiki alimwambia wasimame, injini ipumzike, waongeze maji. Baba alikuwa anawahi. Akasema maji tutaweka tukifika juu. Moshi ulitoka kwenye boneti kabla ya kufika juu. Kwa hiyo fundi aliposema pistoni zimeungua, baba hakubisha hata neno moja. Alitundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakuendesha gari tena.

Ningeweza kuvumilia hilo kama si rafiki yake. Mzee huyo si rafiki tu, ni mtani wake, kwa ukoo, tangu enzi za babu zao, na mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako na unatakiwa ucheke. Tangu mwaka ule, kila alipokutana na baba, hakumsalimia kama watu. Alimsalimia hivi: "Maji umeweka?" Mnadani, harusini, kwenye kipaimara changu, mbele ya wageni: "Maji umeweka?" Kijiji kikaokota salamu hiyo. Watoto ambao hawakuwahi kuliona gari likitembea walijua kwamba baba ndiye aliyepika injini. Baba alicheka kila mara. Alicheka kwa mdomo tu. Mimi nilikuwa pembeni na nilimwona.

Nilifika miaka kumi na tisa bado nikiamini kwamba mafuta ni mafuta. Nilikuwa nimekuja Singida Mjini kujifunza kushona. Siku moja mteja akaleta cherehani iliyokwama, gurudumu halizunguki kabisa. Mwalimu wangu, mama mmoja mkali, aliifungua, akatia kidole, kikatoka na kitu cha manjano kinachonata kama ulimbo. Alifoka mpaka wapita njia wakasimama. "Nani anatia mashine mafuta ya alizeti? Haya ni ya chapati! Yakikaa yanakuwa gundi!" Wenzangu walicheka. Mimi nilikwenda nje nikashika nguzo, kwa sababu nilijua nani.

Ningeweza kurudi nyumbani wiki ileile nikasema. Nilikuwa mtu mzima sasa, asingenichapa. Sikusema. Mwanzo niliona haya, kisha nikaona nimechelewa, kisha mama akafariki na nikaona si wakati wake. Baadaye nilijipoza kwa hoja nzuri kwamba sina hakika. Huenda kweli baba aliiunguza. Huenda mimi nilimwagia mafuta maiti. Hakuna aliyekuwa ameifungua ile injini, na kama haijafunguliwa, siwezi kujua, na kama siwezi kujua, nitakiri nini? Hoja hiyo nililala nayo miaka mingi na haikunipa usingizi.

Kilichoniamsha ni msiba. Tulikuwa tunamzika jirani mmoja, na baada ya maziko, wazee wamekaa na chai, mtani wa baba akamgeukia. Baba amevuka miaka themanini sasa, anatembea na mkongojo. "Wewe siku yako," mzee akamwambia kwa sauti ya watu wote, "nitakuja na dumu la maji la lita ishirini niliweke juu ya jeneza. Huko uendako usije ukaungua tena." Watu walicheka, kama inavyotakiwa mtani akisema. Na ninawajua watani wetu: wakiahidi, wanaleta. Nilimtazama baba. Alikuwa ameinamia kikombe chake, na safari hii hata mdomo haukucheka. Nilirudi mjini, nikafunga duka mapema, nikaanza kuulizia fundi wa magari ya zamani.

Nilimpata fundi mmoja wa makamo, asiyesema sana, mwenye tabia ya kukitazama kitu kwa muda mrefu kabla ya kukigusa. Nilimpenda kwa hilo. Kwa miezi tisa nilifunga duka kila Ijumaa mchana, nikapanda basi mpaka Misigiri na kutoka pale bodaboda mpaka nyumbani, na Jumamosi tukawa tunafanya kazi nyuma ya nyumba, fundi na mimi, na baba amekaa kwenye kigoda chini ya ukuta wa jiko akitutazama kama mtu anayetazama wenzake wakifukua kaburi.

Tuliwahamisha kwanza kuku waliokuwa wakiishi ndani ya gari, na hawakuondoka kwa hiari. Mmoja alikuwa ameatamia mayai kwenye sakafu ya upande wa dereva, ikabidi tumsubiri wiki tatu. Sakafu ilikuwa imeoza, fundi akaikata na kuchomelea nyingine. Mlango wa kushoto ulikuwa umeliwa na kutu, nikasikia kwamba Mkalama kuna mtu ana mlango wa gari kama hili. Nilikwenda, nikaukuta ni mlango wa banda la mbuzi wake, umefungwa kwa bawaba za mbao, unafunguka vizuri kabisa. Mwenyewe alisema hana shida na hela, ana shida na mbuzi: nikiuchukua, watatoka. Ilibidi nirudi wiki iliyofuata na seremala na mlango mwingine. Mbuzi walipoukubali ndipo nikapewa wangu.

Kiti nilikishona mwenyewe. Nilifumua ngozi ya zamani mshono kwa mshono nikaitumia kama ramani, nikavunja sindano nyingi. Chini ya kiti, mahali ambapo jua halijawahi kufika, tulikuta rangi ya kijani ya asili, mbichi, na hiyo ndiyo tuliyoiiga. Siku tuliyoweka kiti, baba aliinuka kwenye kigoda, akaja taratibu, akapitisha kiganja juu ya mshono kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Umenyoosha," alisema, akarudi kukaa. Nilifurahi siku tatu.

Lakini injini tulikuwa hatujaigusa. Nilikuwa naikwepa. Kila Jumamosi nilimtafutia fundi kazi nyingine: taa, vioo, bodi ya nyuma ya mbao. Mwishowe hakukuwa na kazi nyingine. Fundi akasimama mbele ya boneti iliyo wazi, akatazama kwa muda wake mrefu, akasema, "Mama, hii iliyoshika usihangaike nayo. Nina injini ya gari lililopinduka, nzima kabisa, inaingia humu bila kukatakata sana. Tunaitoa hii, tunaiuza kwa vyuma, mwezi mmoja unaendesha."

"Fanyeni hivyo," baba akadakia kutoka kwenye kigoda, haraka mno. "Hiyo iacheni. Hiyo niliiua mwenyewe."

Niseme ukweli: nilitamani. Moyo wangu wote uliruka. Injini ingekwenda kwa wanunuzi wa vyuma ikiwa imefungwa, na siri yangu ndani yake, na mimi ningeendesha gari zuri la kijani na watu wangenisifu. Nilifungua mdomo nimwambie fundi sawa. Ndipo baba akaongeza, polepole, akiongea na mkongojo wake kuliko na sisi: "Angalau watu wataona mtoto ametengeneza alichoharibu baba yake."

"Tunaifungua," nilisema.

"Mama, ya nini?" fundi akauliza.

"Nimesema tunaifungua!" Nilifoka kama mwalimu wangu wa ushonaji. Fundi alinitazama, akaenda kuchukua spana.

Ilichukua asubuhi nzima. Bolti nyingine zilikubali kwa mafuta ya taa, nyingine kwa bomba refu la kuongezea nguvu, moja ilikatika. Upepo ulikuwa mkali, ikabidi nishike turubai ili mchanga usiingie. Nilikuwa nimekwishajipangia: tukikuta pistoni zimeungua, basi ni baba, na mimi ni mtoto tu aliyemwaga oili, nitanyamaza mpaka nife. Nilichukia kuona ninavyoliombea hilo. Halafu nilimtazama mzee pale ukutani, na nikaacha kuomba.

Fundi aliinua kifuniko cha injini, akakiweka chini. Akainama. Akakaa hivyo mpaka nikataka kumpiga.

"Imeungua?" baba akauliza.

Fundi alikwangua kwa bisibisi ukingoni mwa pistoni, akanusa, akakunja uso, akanusa tena. "Mzee," alisema, "hii haijaungua. Gaskiti nzima. Kuta zinang'aa, hata kutu hakuna. Hizi pistoni zimegandishwa na kitu. Gundi fulani hivi." Akanielekezea bisibisi. "Mama, hebu nusa. Siyo harufu ya kikaango hii?"

Sikuwa na haja ya kunusa. Niliachia turubai, nikaenda mpaka kwenye kigoda, nikapiga magoti mchangani mbele ya baba kama ninavyompigia nikimsalimia, na nikasema yote. Kuku, kopo, dumu la mama, masizi ya sufuria, ukarimu wangu wa kila wiki, na ile cherehani ya Singida Mjini. Nilisema bila kuvuta pumzi, nikimtazama vidole vya miguu. Nilipofika mwisho nilisubiri.

Baba akaongea, lakini si na mimi.

"Fundi. Hebu rudia. Sikuiunguza?"

"Hukuiunguza, mzee. Inawezekana ilichemka, lakini haikufa kwa hilo."

"Haikufa kwa hilo," baba akarudia. Alishika mkongojo, akainuka, akaingia ndani bila kunitazama. Niliendelea kupiga magoti, nikajua nimeshampoteza. Nilisikia sanduku likifunguliwa, likifungwa. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia.

"Twende Misigiri," alisema.

"Baba, injini iko chini."

Aliitazama injini iliyofumuliwa, vipande vyake vimetandazwa juu ya magunia, kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. "Basi kazeni mikono," alisema, akakaa kwenye kigoda na koti lake, na kofia, katika jua lile, na hakuvua mpaka chakula cha mchana. Fundi aligeuka upande kucheka. Mimi sikuweza kucheka bado, lakini nilivuta pumzi, na nakumbuka ilishuka mpaka mahali ambapo pumzi yangu haikuwa imefika tangu nikiwa msichana.

Kuhusu kuiponya, hapo nilikuwa fundi mimi. Fundi wetu alitaka kugonga pistoni kwa gogo na nyundo. Nikamwambia cherehani haigongwi, inaloweshwa. Tulijaza mafuta ya taa juu ya pistoni, tukaacha, tukabadilisha, tukaacha tena. Baba aliyaongeza katikati ya wiki, mimi nikiwa mjini, na alinipigia simu kuniripotia rangi yake. Jumamosi ya tatu nilimimina maji ya moto taratibu pande zote za injini, fundi akalalia hendeli kwa uzito wake wote, na injini ikasogea upana wa kidole. Kidole kimoja. Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna posa. Fundi alisema jambo ambalo nitalikumbuka: kwamba kama ingekaa kavu miaka yote ile, kutu ingeimaliza. Gundi yangu iliiua, na gundi yangu ndiyo iliyoitunza. Sikulichukua kama sifa, lakini sikulikataa.

Tulibadilisha ringi, tukasafisha kila njia ya mafuta, na ilipowaka, katika jaribio la nne, moshi wa kwanza ulinukia maandazi. Baba alisimama nyuma ya bomba la moshi makusudi.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda Misigiri. Mimi niliendesha, kwa leseni yangu mpya na jasho mgongoni, baba pembeni na koti lilelile. Mtani wake alisikia mlio kabla hatujasimama. Alitoka nje na kanzu, mkono umeinuliwa juu ya macho kuzuia jua, akaitazama pikapu kutoka taa mpaka bodi. Nilidhani atasahau. Hakusahau.

"Maji umeweka?" alisema.

Baba hakucheka. Aligonga sakafu ya gari kwa mkongojo. "Mwambie," aliniambia.

Nilishuka. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza. Sikufika mbali.

"Sauti," baba akasema kutoka ndani ya gari. "Hasikii vizuri siku hizi. Rudia."

Nikarudia kwa sauti. Watu wa duka la jirani wakatoka. Mwendesha bodaboda akazima pikipiki yake ili asikie. Nilisimama barabarani, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwenye duka lake mjini, nikapaza sauti kwamba mimi ndiye niliyetia mafuta ya alizeti kwenye injini ya baba yangu na kuyachanganya na masizi, na kwamba baba yangu hakuiunguza injini. Ajabu ni kwamba kadiri nilivyopaza, ndivyo nilivyojisikia mwepesi. Mara ya tatu sikuombwa, nilirudia mwenyewe.

Mzee alicheka mpaka akashika boneti. Kisha akaacha kucheka, akaenda upande wa baba, akaingiza mkono dirishani, wakashikana kwa muda, wakiongea Kinyiramba kwa sauti ya chini niliyoiona si haki yangu kuisikiliza. Aliporudi kwangu, macho yake yalikuwa yamelowa, lakini yalishaanza kumeta.

"Na wewe," alisema, "mboga huwa unaunga na nini? Oili?"

Duka zima liliangua kicheko. Nilisikia kicheko kimoja kikitoka ndani ya gari, kicheko chenye kikohozi, ambacho sikuwa nimekisikia tangu enzi za vitunguu. Naambiwa salamu hiyo imeshafika mnadani, na kwamba nitakufa nayo. Karibu sana. Mzigo ni wangu, na umekuja kwa mwenyewe.

Tulikuwa nusu ya njia ya kurudi baba aliponiambia nisimame. Alishuka mwenyewe, akaniagiza nifungue boneti, akasubiri, akashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akafungua taratibu. Maji yalikuwa tele. Aliongeza hata hivyo, kutoka kwenye chupa aliyoificha ndani ya koti.

"Ulidhani nitakufanya nini?" aliuliza, ameinamia injini.

"Nilidhani utanichapa."

Alifikiri. "Ningekuchapa," alisema. "Oili ilikuwa haipatikani. Ningekuchapa vizuri. Ungelia mpaka jioni, mama yako angekuita ule, ungekula, na kesho yake tungeenda kutafuta oili nyingine."

Alifunga rejeta, akapangusa mikono, akapanda, akakaa mahali pake kwenye kiti nilichomshonea. Nilirudi nyuma ya usukani na sikuweza kuondoka mara moja. Nililia pale, kidogo tu, kama mtoto aliyemaliza kuchapwa. Baba alisubiri. Kisha nikawasha gari, tukaenda kula.